Bastola tatu za Herstal mezani Lubumbashi: Browning 1900, Browning 1922 na GP 35

Bastola ya kale ina maswali mawili, na wauzaji wengi wa Lubumbashi wanayafanya kuwa moja. La kwanza ni kama kweli ilitengenezwa na kiwanda kilichoandikwa ubavuni mwake. La pili ni kama imebaki vile ilivyotoka kiwandani: vipande vyake, rangi yake, herufi zake, namba zake. Ikipita swali la kwanza tunaiita halisi. Ikipita na la pili tunaiita isiyoguswa, na hiyo ndiyo mkusanyaji anailipia. Katika aina hizi tatu, nyingi zinazoonyeshwa mjini ni halisi. Zisizoguswa ni chache mno, na anayeziharibu zaidi si mghushi, ni fundi mwenye nia njema. Huu ni mji wa chuma na shaba, kila komini ina atelie yenye gurudumu la kusugulia na chupa ya asidi. Mtu akifungua sanduku la marehemu babu yake huko Kamalondo au Katuba, wazo la kwanza ni kuipeleka bastola "ikang'arishwe kidogo" kabla mnunuzi hajafika. Dakika kumi za gurudumu zinafuta kazi ya miaka mia.

Zote tatu zilitoka kiwanda cha FN (Fabrique Nationale), Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji. Kongo, nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji hadi tarehe 30 Juni 1960, haishangazi ikiwa na chuma cha Herstal ndani ya masanduku yake.

Kwanza sheria, na hapa hatuna mzaha. Bastola inayoweza kupiga ni silaha hata ikiwa na umri wa miaka 120. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayosimamia silaha na risasi nchini, na neno "antika" halimkingi mtu asiye na kibali. Yote tunayoandika yanahusu bastola iliyozimwa rasmi (isiyoweza kupiga tena), iliyo na kibali, au iliyo mikononi mwa makumbusho. Ukiikuta ndani ya sanduku la urithi, usiitie kwenye begi uende nayo soko la komini ya Kenia au katikati ya mji "ikaonwe". Iache ilipo, zuia watoto, toa taarifa kwa wenye mamlaka, na tathmini ifanyike baada ya hapo.

Na ichukulie kuwa ina risasi hadi uone kwa macho kwamba haina. Kidole mbali na triga, mtutu uelekee pasipo na mtu, toa magazini, kisha vuta kitelezi (chuma cha juu kinachorudi nyuma) na umulike chumba cha risasi kwa taa. Kutoa magazini peke yake hakutoshi, risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu tangu aliyeiweka alipofariki. Kitelezi kikiwa kimeshikwa na kutu, usikipige nyundo. Simama hapo hapo, uihesabu kuwa ina risasi, na uwaachie wenye kazi hiyo.

Vifaa

Lupu ya kukuza mara 10, kalipa ya kusoma sehemu ya kumi ya milimita, mizani ya jikoni ya gramu, tochi ndogo, mswaki laini, mafuta ya taa kidogo, na ile taa ya zambarau ya kukagulia dola ambayo kila duka linaijua. Vyote vinaingia mfuko mmoja. Msasa, ndimu, Coca-Cola na asidi ya betri visikaribie meza.

Tochi ndiyo kifaa kikubwa kuliko vyote. Ilaze karibu kabisa na chuma ili mwanga upite juu yake ukitokea pembeni, kama jua la saa kumi na mbili asubuhi linavyoonyesha kila shimo la barabara. Kisha soma herufi za ubavuni moja baada ya nyingine. Herstal waligandamiza maandishi kabla ya kusugua mara ya mwisho na kabla ya kutia bronzaji, ile rangi nyeusi-buluu. Kwa hiyo kwenye bastola isiyoguswa ukingo wa herufi ni mkali, uko sawa na chuma kinachouzunguka, na rangi inashuka hadi chini ya herufi. Gurudumu likishapita, vitu vidogo ndivyo vinavyoondoka kwanza. Kwenye ya 1900, tafuta nukta nne za S.G.D.G., herufi za hataza. Tafuta alama ndogo ya juu kati ya G na S katika BROWNING'S. Zikiwa zimefifia wakati herufi zenyewe bado zinasomeka, umepata jibu. Dalili nyingine ni mstari wenye herufi nzito katikati na nyepesi mwishoni, kwa sababu mkono wa fundi hukandamiza zaidi kwenye ncha.

Baada ya herufi, angalia matundu ya pini. Kiwandani ukingo wa tundu ulikuwa mkali kama uliokatwa kwa wembe. Kitambaa cha gurudumu huzama kidogo ndani ya tundu na kuukula ukingo, tundu likawa kama kisahani chenye pini katikati. Hakuna njia ya kurudisha ukingo huo. Kisha geuka uelekee dirishani na uishike bastola hivi kwamba nondo za dirisha zionekane kwenye ubavu wa kitelezi kama kwenye kioo. Telezesha macho kutoka mbele hadi nyuma. Nondo zikibaki zimenyooka, ubavu ni wa kiwanda. Zikicheza kama maji, umesuguliwa kwa mkono.

Rangi nayo inasema. Bronzaji ya zamani ikichakaa hugeuka kidogo kidogo kuwa kahawia yenye wekundu, na huisha mahali mkono na pochi (mfuko wa ngozi wa kubebea bastola) vinapogusa: mdomo wa mtutu, kingo za mbele za kitelezi, upande wa mbele wa mpini. Ukiona kingo zimelainika lakini zina rangi kamili, rangi hiyo imekuja baada ya uchakavu. Vishimo vya kutu ni shahidi mzuri zaidi: shimo lenye rangi hiyo hiyo nyeusi hadi chini lina maana kutu ilitangulia, bronzaji ikafuata. Dawa za kupaka rangi bila moto huacha weusi wa kijivu, na ukisugua kwa kidole gumba hadi chuma kipate joto, harufu yake inabaki kidoleni.

Halafu udongo. Wauzaji wengine hujaza vumbi jekundu kwenye mianya ili kitu kionekane kimelala miaka mingi ardhini au darini. Vumbi la kweli la Katanga lililoingia kwenye bastola yenye mafuta hushikana na mafuta hayo, yakakauka pamoja na kuwa ganda gumu la kahawia kama vanishi. Tia tone la mafuta ya taa, subiri, piga mswaki: ganda hulainika pole pole. Udongo uliosuguliwa wiki iliyopita unaanguka wote kwa mswaki mkavu.

Mihuri ya Liège

Hapa mambo ni mafupi kuliko watu wanavyodhani. Alama kuu ya ofisi ya majaribio ya Liège, iliyojaribu silaha na kuzipiga mihuri, ni ELG ndani ya duara refu kama yai, na nyota chini yake. Tangu 1893 taji liliongezwa juu. Bastola zetu zote tatu zilizaliwa baada ya mwaka huo, kwa hiyo ELG isiyo na taji juu ya mojawapo haina maelezo mazuri. Kuna perron, ule mnara mdogo wa Liège. Kuna simba aliyesimama juu ya herufi PV, kwa baruti isiyo na moshi. Kuna herufi ya mkaguzi yenye nyota juu yake. Kuanzia 1922 kuna pia herufi ya mwaka, na hiyo ikikinzana na hadithi ya muuzaji, aminini herufi.

Mhuri uliopigwa kwa nyundo huwa na sakafu laini, na chuma kilichosukumwa huinuka kidogo pembeni. Mhuri wa laza una sakafu yenye mistari au vitone vilivyopangwa sawasawa, na chini ya lupu huonekana umeungua. Siku hizi laza ziko kila mahali, kwa hiyo kipimo hiki kisirukwe.

Browning 1900

Hii ndiyo tunayoipenda zaidi, na ndiyo tunayompendekezea anayeanza kukusanya, kwa sababu ubunifu wake wenyewe unasaidia kukagua. John Browning, mbunifu wa silaha Mmarekani, aliichora, jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1900, na zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu. Inapiga 7.65 mm, magazini inabeba risasi saba, mtutu una urefu wa mm 102, na ikiwa tupu ina uzito wa gramu 625 hivi. Mtutu wake uko chini na springi iko ndani ya bomba juu yake, ndiyo maana ukiitazama kwa mbele inaonekana kama ina midomo miwili. Anza kwa mizani na kalipa. Tofauti ya gramu chache ni ya kawaida, ila mtutu uliopungua milimita tatu umekatwa.

Nakala mbaya za 1900 ni nyingi duniani, maana karakana za China za miaka ya 1920 ziliiiga sana. Walioichonga hawakusoma herufi za Kilatini, kwa hiyo N inaweza kuwa imegeuzwa, neno zima likakosewa, au mstari ukapanda na kushuka. Maandishi ya Herstal yamenyooka kama mstari wa daftari. Penye komeo la usalama tafuta maneno ya Kifaransa SUR na FEU, safi na yenye nafasi sawa.

Vibao vya mpini ni vya mpira mgumu. Vya mwanzo vina picha ndogo ya bastola pamoja na herufi FN, vya baadaye vina FN peke yake. Kibao cha kweli kina uchakavu unaoendelea na uchakavu wa chuma jirani yake: pale kiganja kilipolainisha mistari ya kibao, chuma cha pembeni nacho kimepoteza rangi. Kibao chenye mistari mikali juu ya mpini uliochakaa kimetoka kwingine. Mpira wa zamani pia hupoteza weusi na kuwa kahawia kwa mwanga na joto, hivyo kibao cheusi tii kama tairi jipya kiulizwe.

Visi (skrubu) ndizo zinazoonyesha ni mikono mingapi iliyopita. Mfereji wa visi ya Herstal ni mwembamba na una kuta zilizosimama. Fundi mwenye turnevisi ya redio huupanua na kuuvunja kingo. Visi moja iliyojeruhiwa haifanyi bastola kuwa mbaya, lakini zote zikiwa hivyo ujue imefunguliwa mara nyingi, basi kagua kila namba upya.

Browning 1922

Mtangulizi wake, wa 1910, ana mtutu wa mm 88 hivi na springi iliyouzunguka mtutu. Mwaka 1922 Herstal walirefusha mtutu hadi karibu mm 114, wakarefusha mpini, na badala ya kuchonga kitelezi kipya wakaunga kipande cha mbele kinachofungwa kwa kuzungushwa na kushikwa na kikomeo kidogo. Magazini inabeba risasi tisa za 7.65, au nane za 9 mm fupi.

Kwa mkusanyaji hii ndiyo nafuu kuliko zote tatu, na ndiyo iliyochanganywa vipande kuliko zote. Mitutu na vitelezi vyake vinaingiliana kwa urahisi, na majeshi yenyewe yalizirekebisha kwa vipande vilivyopatikana. Namba iko kwenye mwili, kwenye kitelezi, na kwenye mtutu ambapo inasomeka kupitia dirisha la kutolea maganda. Zote tatu zikiwa sawa, angalia kama zilipigwa siku moja: tarakimu za umbo moja, kina kimoja, mstari mmoja. Namba iliyofutwa na kupigwa upya hukaa ndani ya bonde. Weka ukingo wa kalipa juu yake, mulika kwa nyuma. Mwanga ukipita katikati ya ukingo na chuma, kuna kitu kilitolewa hapo. Kosa jingine la mara kwa mara ni mtutu wa 9 mm fupi na magazini ya 7.65 katika bastola moja. Soma maandishi ya mtutu na ya magazini, usimwulize muuzaji.

Kuanzia Mei 1940 hadi Septemba 1944 Herstal ilikuwa chini ya Wajerumani, na 1922 iliendelea kutengenezwa kwa ajili yao, zaidi ya 300,000. Hizo zina mhuri wa tai na namba: 613 kwanza, kisha 103, kisha 140. Tai huongeza bei, ndiyo sababu tai huongezwa. Linganisha mhuri na ubora wa kazi. Kadiri vita vilivyoendelea ndivyo usuguaji wa kiwandani ulivyozidi kuwa wa haraka, na mikwaruzo ya mashine ikabaki chini ya rangi. Tai 140 juu ya kitelezi kilichong'aa kama kioo inatia shaka, na mara nyingi gurudumu na mhuri vilipita siku moja.

GP 35

GP ni Grande Puissance, yaani "nguvu kubwa". Browning aliianza, akafariki mwaka 1926 akiwa Liège kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive akaimaliza. Ubelgiji iliipokea mwaka 1935. Inapiga 9 mm Parabellum, na magazini yake ya risasi 13 ilikuwa kubwa kuliko za bastola nyingi za wakati wake. Hii ndiyo ghali zaidi kati ya tatu, na ndiyo tungemwambia mtu asiinunue kwa picha za WhatsApp hata kama muuzaji ni shemeji yake.

Kuna jambo moja linaloamua mengi. Tazama ubavu wa kulia wa kitelezi, nyuma ya dirisha la kutolea maganda. GP za zamani zina ndoano ya kuvutia ganda iliyofichwa ndani; kwa nje hakuna kinachoonekana ila kichwa kidogo. Mwaka 1962 kiwanda kilihamia ndoano ya nje, kipande kirefu kilicholala ubavuni. Kwa hiyo GP yenye ndoano ya nje haikwenda vitani Saio, Ethiopia, pamoja na Force Publique (jeshi la kikoloni la Kongo) mwaka 1941, hata kama mzee mwenyewe alikwenda kweli na nishani yake iko ukutani. Mzee na bastola wanaweza kuwa na historia mbili tofauti. Kwa hesabu hiyo hiyo, Browning 1922 haikuingia Tabora na jeshi hilo mwaka 1916. Ya 1900 ingeweza.

GP za kijeshi za kabla ya vita nyingi zilikuwa na kilengeo cha nyuma kinachopanda hadi mita 500 na mfereji nyuma ya mpini wa kuunganishia kitako cha mbao. Mfereji huo ndio unaotafutwa, na mtu mwenye mashine ya kuchonga anaweza kuutengeneza mchana mmoja. Tazama ndani yake kwa lupu. Mfereji wa kiwanda una rangi na umri sawa na mpini wote, na ncha zake zimekatwa kwa unyoofu mmoja pande zote mbili. Wa juzi una chuma cheupe au rangi mpya, na alama za kisu cha mashine zinazomeremeta.

Herufi FP zisikupeleke mbio. Herufi mbili za chuma na nyundo moja zinatosha kuigeuza bastola ya kawaida kuwa "ya Force Publique". Zikubaliwe tu kama zina uchakavu ule ule wa mihuri ya Liège iliyo jirani.

Iliyozimwa rasmi kwa kuzibwa mtutu tunaikubali bila kusita, na kwa hapa tunaishauri kuliko nyingine yoyote. Uchomeleaji ukiwa umefunika namba ya mtutu, hukumu ibaki kwa mwili na kitelezi.

Karatasi na pochi

Cheti kinakaguliwa kwa ramani na kalenda. Mji huu uliitwa Élisabethville hadi 1966, kwa hiyo barua ya 1955 yenye "Lubumbashi" kichwani iliandikwa na mtu aliyesahau. Kati ya 1971 na 1997 nchi iliitwa Zaïre, na jimbo letu likaitwa Shaba kwa karibu miaka yote hiyo. Cheti cha 1980 cha "Jimbo la Katanga" kirudishwe. Force Publique nayo ilibadilishwa jina mwaka 1960. Kisha washa taa ya dola juu ya karatasi: karatasi nyeupe ya kisasa huwaka buluu kali, ya miaka ya 1930 hubaki butu. Fanya hivyo hivyo na uzi wa pochi ya ngozi. Uzi wa kitani wa zamani hauwaki, uzi wa kisasa mara nyingi unawaka. Uzi mpya si dhambi kama muuzaji amesema kwamba pochi ilishonwa upya.

Pochi ya kweli ina umbo la bastola yake lililojichora kwa ndani. Ingiza bastola pole pole: kilengeo na komeo vikikaa kwenye vishimo vyao, viwili hivyo vimeishi pamoja. Kisha itoe, usiiache humo. Ngozi hunywa unyevu kuanzia mvua za Novemba hadi Machi, na dawa zilizotumika kuisindika hula chuma, kutu ikianza mahali pale pale penye maandishi. Pangusa bastola kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine, ifunge kwenye kitambaa kikavu cha pamba, uihifadhi ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na pochi ilale pembeni yake.